Nambari 137: Mariga Kutoka Muthurwa Hadi Serie A

Wakenya wengi wakisimulia habari za McDonald Mariga huanzia Milan, kwenye jezi ya Inter ya mistari ya samawati na nyeusi. Mimi naona hadithi hiyo ianzie kwenye orodha ya FIFA ya Julai 2007, ambako Kenya iliandikwa nambari 137 duniani. Haijawahi kushuka chini ya hapo, si kabla wala baadaye. Mwezi uliofuata, kijana wa Nairobi mwenye umri wa miaka 20 alikuwa na klabu ya Uingereza iliyomtaka, na nambari hiyo ikamfungia mlango. Akaenda Italia. Miaka miwili na nusu baadaye mlango ule ule ukafungwa tena, akabaki Italia, na safari hii akaishia kuwa na medali ya mabingwa wa Ulaya.

Naandika haya nikiwa Kitengela, ambako wikendi kumbi za kuonyeshea mpira hujaa vijana wanaoweza kukutajia kikosi cha Milan, wachezaji wake wa akiba, na hata beki aliyeumia wiki iliyopita. Ukiwauliza Mkenya wa kwanza kucheza ligi kuu ya Italia ni nani, jina watakupa. Ukiwauliza aliifikaje Italia, watakwambia kipaji. Kipaji kilikuwepo, hilo halina ubishi, lakini njia yenyewe ilichorwa na sheria za uhamiaji za Uingereza na fujo za ofisi za soka za Nairobi.

Mariga alizaliwa Nairobi tarehe 4 Aprili 1987. Mwaka huo ulikuwa mzito katika mpira wa Kenya. Uwanja wa Kasarani ulikuwa mpya, umejengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika, na Agosti timu ya taifa, Harambee Stars, ilifika fainali ikalazwa na Misri 1-0. Mwisho wa mwaka Gor Mahia ilinyakua Kombe la Washindi Barani Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia, kwa sare mbili na bao la ugenini. Mwaka huo huo MYSA ilianzishwa Mathare, chama kilichokuja kulea wachezaji wengi wa mitaani. Kwa mtoto aliyezaliwa wakati ule katika nyumba ya mwanasoka, mpira ulikuwa urithi wa haki.

Na nyumba ile ilikuwa ya mwanasoka kweli. Baba, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards katika miaka ya themanini, enzi ambazo Ingwe ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati miaka mitatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Watoto wakafuata nyayo kila mmoja kwa njia yake: Victor akaja kuwa nahodha wa Harambee Stars, Thomas akaichezea Leopards kama baba yake, Mercy akachagua mpira wa vikapu. Familia iliishi Muthurwa, mtaa uliojengwa na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi wake, hatua chache kutoka stesheni kuu, karibu na Gikomba, Kamukunji na kituo cha mabasi ya mashambani. Ni sehemu ya mji ambayo vumbi lake halitulii. Kijana akasoma Shule ya Upili ya Kamukunji, naye alikuwa mrefu, mwenye miguu iliyoonekana kuuzidi mwili, akicheza katikati ya uwanja, pale ambapo watoto wengi wa mtaani hawapendi kucheza kwa sababu mabao hayatoki huko.

Kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa amepita Ulinzi Stars, Tusker na Kenya Pipeline. Tazama majina hayo: timu ya wanajeshi, timu ya kiwanda cha bia, timu ya kampuni ya bomba la mafuta. Huo ndio uliokuwa mpira wa Kenya wa wakati ule. Mchezaji alilindwa na mwajiri, na mwajiri akibadili nia timu ilibomoka, na kulikuwa na klabu chache mno zilizojua kumlea kijana wa miaka 16 kwa utaratibu.

Linganisha na mtoto wa Kiitaliano mwenye kipaji kama hicho. Gianluigi Buffon alizaliwa Januari 1978 huko Carrara, akachukuliwa na Parma akiwa mtoto, akapandishwa kutoka timu za vijana ngazi kwa ngazi, na tarehe 19 Novemba 1995, akiwa na miaka 17, akasimama langoni dhidi ya AC Milan ya kina Roberto Baggio na George Weah bila kufungwa hata bao moja. Kila hatua ya safari yake ilikuwa na kocha, daktari, mkataba na uwanja wenye nyasi. Mariga naye alifika Parma, ila alizunguka kwanza Uswidi, katika miji ambayo hata Wakenya walioko Stockholm hawakuwa na sababu ya kuitembelea.

Mwaka 2005 alisajiliwa na Enköpings SK. Enköping ni mji mdogo magharibi ya Stockholm, na klabu yake ilikuwa imeonja ligi kuu ya Uswidi mwaka 2003 ikashuka mara moja. Kwa kijana wa Muthurwa hiyo ilikuwa shule ya baridi na ya lugha ngeni, na zaidi ya yote ya kucheza pasi mbili bila kupamba. Waswidi hawakumtaka awapige chenga watazamaji. Walimtaka apokonye mpira na kuutoa. Alijifunza haraka, maana mwaka uliofuata Helsingborg walimchukua.

Helsingborg ni mji wa bandari unaotazamana na Denmark, na mwaka 2006 ulikuwa na mgeni wa heshima aliyerudi nyumbani: Henrik Larsson. Mei mwaka huo Larsson alikuwa ameingia kama mchezaji wa akiba jijini Paris na kuigeuza fainali ya Ligi ya Mabingwa, Barcelona ikaibwaga Arsenal 2-1. Miezi michache baadaye alikuwa anafanya mazoezi na kijana aliyekuwa anacheza kwenye viwanja vya Nairobi miezi kumi na minane iliyotangulia. Mwaka huo Helsingborg walitwaa Kombe la Uswidi. Wanaopenda kuhesabu bahati za Mariga huitaja Inter. Mimi ningeitaja Helsingborg, kwa sababu hapo ndipo alipoona kwa macho yake jinsi mchezaji mkubwa anavyofanya kazi siku ambayo hakuna kamera. Mwaka 2007 mdogo wake Victor naye alimfuata huko, akiwa kijana wa miaka 16, na kaka alipoondoka akarejea Kenya kabla ya kupata nafasi Ubelgiji mwaka 2008.

Wakati huo huo nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika. Shirikisho la soka, KFF, lilikuwa limeshafungiwa na FIFA mwaka 2004 baada ya serikali kuingilia uongozi wake. Oktoba 2006 FIFA ilitufungia tena, kisa kikiwa malumbano yasiyokwisha ya viongozi na makubaliano yaliyotiwa sahihi bila kutekelezwa. Adhabu iliondolewa mwaka uliofuata, lakini timu ya taifa ilikuwa imeshapoteza dira. Katika mechi za kufuzu Kombe la Afrika la 2008, Eritrea ilitufunga Nairobi 2-1, kisha ikatufunga tena kwao 1-0. Eritrea! Kundi zima lilikuwa na Angola na Swaziland, na Kenya haikupata chochote cha kujivunia. Basi Julai 2007 ikaja ile nambari 137.

Kwa nini nambari hiyo ilikuwa na nguvu juu ya maisha ya kijana aliyekuwa Uswidi akifanya kazi yake vizuri? Kwa sababu ya kibali cha kazi. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na sheria kwa wachezaji wasiotoka Umoja wa Ulaya. Nchi ya mchezaji ilitakiwa iwe, kwa wastani wa miaka miwili, katika 70 bora za FIFA, na yeye mwenyewe awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa katika kipindi hicho. Aliyekosa masharti hayo alibaki na rufaa, ambapo jopo lilipima kama ana kipaji cha kipekee. Portsmouth ya Harry Redknapp ilimtaka Mariga majira ya joto ya 2007. Kibali kikakataliwa. Fikiria jinsi sheria hiyo ilivyofanya kazi: afisa wa London hakuhitaji kumwona Mariga akicheza. Alihitaji kusoma jedwali, na jedwali lilikuwa limejazwa na Eritrea, na adhabu ya FIFA, na wanaume waliokuwa wakigombania funguo za ofisi Nairobi.

Italia ilikuwa na sheria tofauti. Haikujali Kenya ni ya ngapi. Ilichojali ni idadi: kila klabu ilikuwa na nafasi chache kwa msimu za kusajili kutoka nje ya nchi wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya, na klabu ikiwa na nafasi, ilimchukua iliyemtaka. Parma ilikuwa na nafasi. Mwishoni mwa Agosti 2007 Mariga akasajiliwa huko kwa mkopo, na msimu ulipoendelea akawa Mkenya wa kwanza kucheza Serie A.

Parma yenyewe ilikuwa mgonjwa aliyekuwa anapata nafuu. Katika miaka ya tisini, kwa fedha za kampuni ya maziwa ya Parmalat, klabu hii ya mji mdogo wa jibini na nyama ya nguruwe ilichukua Kombe la Washindi mwaka 1993 na Kombe la UEFA mara mbili, 1995 na 1999. Ilikuwa na Buffon, Cannavaro, Thuram, Crespo na Asprilla. Desemba 2003 Parmalat ikaanguka ikiwa na deni la takriban yuro bilioni 14, moja ya kashfa kubwa kabisa za biashara barani Ulaya, na klabu ikawekwa chini ya wasimamizi hadi Tommaso Ghirardi alipoinunua Januari 2007. Mariga aliingia nyumba iliyokuwa imeuza samani zake zote lakini bado ina anwani ya kitajiri. Kwake ilikuwa heri. Parma tajiri isingemhitaji kijana wa miaka 20 kutoka Helsingborg.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa taabu. Parma ilianza na kocha Domenico Di Carlo, ikambadilisha na Héctor Cúper, na kabla ya mechi ya mwisho ikamfuta Cúper pia. Jumapili ya tarehe 18 Mei 2008, Inter walikuja uwanja wa Ennio Tardini wakihitaji ushindi ili watwae ubingwa, na Parma ilikuwa inapigania kubaki ligi kuu. Mvua ilikuwa inanyesha. Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Kisha Zlatan Ibrahimović, aliyekuwa akiuguza goti, akaingizwa kutoka benchi akafunga mabao mawili. Inter bingwa, Parma chini. Aliyesimama kwenye benchi la Inter siku hiyo alikuwa Roberto Mancini. Mshike jina hilo.

Kushuka daraja kungeweza kuwa mwisho. Wakala wa kawaida angemtafutia kijana klabu nyingine, popote, ilimradi ligi kuu. Mariga alibaki Parma, na msimu wa 2008-09 katika Serie B, chini ya Francesco Guidolin aliyechukua timu baada ya mwanzo mbaya, ndio uliomfanya kuwa mchezaji kamili. Serie B haina huruma kwa kiungo: viwanja vidogo, mashabiki walio karibu, mabeki wa miaka 34 wanaojua kila ujanja wa kukukanyaga refa akiwa ameangalia kwingine. Parma ikamaliza ya pili nyuma ya Bari, ikapanda. Guidolin alipenda viungo wanaokimbia kwa faida ya wengine, na Mariga akawa mtu wake.

Na nyumbani? Hapa ndipo historia inapouma. Mwaka 2008, chini ya kocha Francis Kimanzi, Harambee Stars iliamka. Ikaifunga Guinea 2-0, Zimbabwe 2-0 na Namibia 1-0, zote Nairobi, ikafuzu kwa hatua ya mwisho ya mchujo wa Kombe la Dunia la 2010. Desemba 2008 Kenya ilipanda hadi nambari 68, nafasi ya juu kabisa katika historia yake. Kutoka 137 hadi 68 kwa mwaka mmoja na nusu! Kama tungeshikilia hapo, wastani wa miaka miwili ungeanza kumsaidia kila kijana wa Kenya aliyetakiwa Uingereza. Tulifanya nini? Kimanzi aliondolewa mwanzoni mwa 2009, akaletwa Mjerumani Antoine Hey, na katika kundi la Nigeria, Tunisia na Msumbiji tukashika mkia kwa pointi 3. Novemba 2009 Nigeria ilikuja Kasarani ikatufunga 3-2, ikapata tiketi ya Afrika Kusini mbele ya macho yetu. Hey alikuwa ameshaondoka.

Kwa hiyo Januari 2010 ilipofika, Mariga alikuwa kiungo imara wa Serie A katika Parma iliyokuwa inaelekea kumaliza nafasi ya nane, na nchi yake ilikuwa inateremka tena. Manchester City wakabisha hodi. Kocha wao mpya, aliyeteuliwa Desemba 2009, alikuwa Roberto Mancini, yule yule. Dau lililoripotiwa lilikuwa kama pauni milioni 7, fedha ambazo hakuna Mkenya aliyewahi kununuliwa kwazo. Ombi la kibali likakataliwa kwa sababu ile ile ya 2007. Magazeti yaliripoti kuwa hata Waziri Mkuu Raila Odinga alijaribu kumwombea kwa serikali ya Uingereza. Rufaa nayo haikufua dafu, na Jumatatu ya tarehe 1 Februari, siku ya mwisho ya usajili, City ikabidi waachane naye.

Nimekuwa nikisikia watu wakisema siku ile Waingereza walituonea. Sioni hivyo. Sheria ilikuwa kavu na pengine ya kijinga, lakini ilijulikana na kila mtu, nasi tulikuwa tumekwishaivuka nusu ya safari mwaka 2008 tukarudi nyuma kwa miguu yetu wenyewe. Waziri Mkuu alilazimika kuomba kwa simu na barua kile ambacho shirikisho lingeweza kukipata kwa kumwacha kocha wake afanye kazi.

Siku ile ile Inter wakamchukua. Kwao hakukuwa na kizuizi chochote, kwa kuwa ile idadi ya Italia ilihesabu wanaosajiliwa kutoka nje ya nchi, naye alikuwa ameshasajiliwa ndani tangu Parma. Kocha wao José Mourinho alikuwa amempoteza kiungo Patrick Vieira mwezi uliotangulia, na aliyemchukua Vieira ni Manchester City. Kijana aliyekataliwa Manchester akaenda kujaza pengo lililotobolewa na Manchester.

Inter ya msimu ule haikuwa mahali pa kujifunzia. Javier Zanetti, Esteban Cambiasso, Thiago Motta, Dejan Stanković na Sulley Muntari walikuwa wakigombania nafasi anayoicheza Mariga, na mbele yao kulikuwa na Wesley Sneijder, Samuel Eto'o na Diego Milito. Mkenya hakuja kuwa nyota wa kikosi hicho, na wanaomsimulia hivyo wanamvisha kanzu isiyo yake. Kazi aliyopewa ilikuwa ya dakika za mwisho: ingia, funga mlango, usifanye kosa. Mourinho hakumpa kazi hiyo mtu asiyemwamini.

Tarehe 16 Machi 2010, Inter walikuwa Stamford Bridge katika mkondo wa pili dhidi ya Chelsea, wakiwa na ushindi wa 2-1 wa mkondo wa kwanza. Eto'o akafunga dakika ya 78. Dakika ya 85 Sneijder akatoka na Mariga akaingia, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa, tena katika jiji ambalo serikali yake ilikuwa imemnyima kibali wiki sita zilizopita. Tarehe 28 Aprili ikaja Camp Nou. Inter walikuwa wameifunga Barcelona 3-1 Milan. Ugenini Motta alipewa kadi nyekundu kabla ya nusu saa, nao wakabaki kumi wakizuia kwa zaidi ya saa nzima. Gerard Piqué akafunga dakika ya 84. Bao moja zaidi na Barcelona wangefuzu. Dakika ya 86 Mourinho akamtoa Eto'o, aliyekuwa akicheza kama beki wa pembeni usiku huo, akamwingiza Mariga. Hizo dakika chache, pamoja na za nyongeza, ndizo nzito zaidi ambazo Mkenya yeyote alikuwa amewahi kucheza hadi siku hiyo. Inter wakapoteza 1-0 na kufuzu.

Mei ikawa ya makombe. Tarehe 5 Roma ilifungwa 1-0 katika fainali ya Kombe la Italia. Tarehe 16 ushindi wa 1-0 Siena ukaleta ubingwa wa ligi. Tarehe 22, Santiago Bernabéu, Bayern Munich ikalala 2-0. Milito alifunga katika mechi zote hizo tatu. Hakuna klabu ya Italia iliyokuwa imewahi kutwaa matatu hayo kwa msimu mmoja, na hadi leo hakuna nyingine.

Mariga alikuwa benchi Madrid, hakuingia. Kwenye benchi lile lile, bila kuingia pia, alikuwepo Mario Balotelli, miaka 19, mzaliwa wa Palermo wa wazazi Waghana, aliyelelewa na familia ya Kiitaliano karibu na Brescia. Balotelli alicheza mechi yake ya kwanza ya kulipwa akiwa na miaka 15 katika klabu ya Lumezzane, akaingia Inter, na Mancini akampa nafasi kikosi cha kwanza akiwa na miaka 17. Uraia wa Italia aliupata alipotimiza miaka 18. Agosti 2010, miezi sita baada ya City kumkosa Mariga, Mancini huyo huyo alimnunua Balotelli, na safari hii hakuna jopo lililokaa, hakuna waziri mkuu aliyepiga simu. Pasipoti ilitosha. Sisemi Balotelli hakustahili, kwani alikuwa na miguu ya ajabu. Nasema vijana wawili weusi walikaa benchi moja, mmoja amebeba karatasi za nchi iliyokuwa imetwaa Kombe la Dunia mara nne, mwingine amebeba za kwetu.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Alikopeshwa Real Sociedad mwaka 2011, goti likamsumbua, akarejea Parma, baadaye Latina, Oviedo na Cuneo, bila kurudia tena kiwango cha 2010. Mdogo wake alikamilisha kile alichonyimwa: Victor alipitia Celtic, ambako aliifunga Barcelona Novemba 2012, na Julai 2013 akasajiliwa Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka 2019 Mariga alijaribu siasa, akagombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee, akashindwa na Imran Okoth wa ODM.

Na Muthurwa? Julai 2010, miezi miwili tu baada ya Madrid, wapangaji wa nyumba zile za reli walipewa notisi ya kuhama na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Mtaa uliotoa bingwa wa Ulaya ulikuwa mahakamani ukitetea paa zake. Habari hiyo inatuhusu sisi wa Kitengela kuliko tunavyodhani. Mwaka 1987, Mariga alipozaliwa, hapa palikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai na njia ya nyumbu wanaotoka Mbuga ya Nairobi, na kituo kidogo cha biashara cha Noonkopir kando ya barabara ya Namanga. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka uliofuata, viwanda vya EPZ vikaja Athi River katika miaka ya tisini, na sensa ya 2019 ikakuta mji wa watu zaidi ya 150,000. Nairobi imehamia huku. Familia za aina ya Wanyama, zenye watoto wanaopenda mpira, sasa ziko Milimani, Yukos, Korompoi na Acacia. Watoto wao wanachezea kwenye ploti ambazo wenyewe hawajajenga, na kila msimu wa mvua ukiisha ploti moja inawekwa mawe na mchanga. Aliyegawa ranchi kwa ekari hakuacha uwanja, na aliyegawa ekari kwa futi 50 kwa 100 hakuacha pia. Watoto wenye wazazi wenye uwezo hulipiwa akademia, wale wengine huenda barabarani na mpira wao.

Tarehe 7 Desemba 2024 wajumbe wa FKF, shirikisho la soka la sasa, walimchagua Hussein Mohammed kuwa rais wa shirikisho, na naibu wake ni McDonald Mariga. Machi 2025 wakamleta Benni McCarthy kuwa kocha wa Harambee Stars, Mwafrika Kusini aliyetwaa Ligi ya Mabingwa na Porto ya Mourinho mwaka 2004. Agosti 2025, katika CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, Stars iliifunga Morocco 1-0 na kuongoza kundi lake, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Mwaka 2027 nchi hizo hizo tatu ndizo wenyeji wa Kombe la Afrika. Uingereza nayo ilibadili sheria zake mwaka 2021 ikaingiza mfumo wa pointi, lakini nafasi ya nchi ya mchezaji katika orodha ya FIFA bado inahesabiwa.

Sasa aliyeumizwa na nambari 137 anakaa katika ofisi inayoweza kuibadilisha nambari hiyo, na hatuwezi tena kumhurumia kama mhanga. Tumpime kwa mambo mawili ambayo yeye mwenyewe anayajua kuliko yeyote: makocha wanaachwa wamalize kazi, na kaunti kama Kajiado zinapata ligi za vijana zenye ratiba na waamuzi. FIFA hutangaza orodha yake mara kadhaa kwa mwaka, na kuisoma ni bure. Wasomaji wa Kitengela, Isinya na Kajiado mjini, isomeni kila inapotoka, kisha nendeni kwenye tawi lenu la FKF mkaulize ligi ya vijana ya kaunti inaanza lini, na kwa mwakilishi wa wadi yenu mkaulize uwanja wa umma uko ploti nambari ngapi.